Kumzika mwenzetu wa mezani: ya kujua kabla hujapanda Kibosho

Mchezaji pool akifariki Moshi, wenzake hugundua jambo ambalo hawakuwahi kulifikiria: hawajui jina lake. Mtu amecheza Majengo, Pasua na Kiboroloni miaka ishirini. Watu wanajua anapenda kumalizia kona ipi, wanajua akishikwa na hasira anapaka chaki mara mbili mbili, ila jina la ubatizo, la baba na la ukoo hawana. Alikuwa Kobe, au Dokta, au Ticha, basi. Siku ujumbe unapoingia kwenye kundi la WhatsApp kwamba Kobe hatunaye, wengine wanalia na wengine wanauliza Kobe yupi, maana mji una Kobe wawili na mmoja yuko hai anausoma ujumbe huo huo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhakikisha. Apige simu mtu mmoja tu, kwa ndugu wa damu, aulize mambo manne: jina kamili la marehemu, mwili uko wapi, msiba unakaliwa wapi, na msemaji wa familia ni nani. Mwili unaweza kuwa hospitali ya Mawenzi au ya KCMC, na mochwari hakuna atakayekuhudumia kwa jina la utani. Msiba nao kwa huku mara nyingi una sehemu mbili: nyumba ya mjini alikokuwa anaishi, na nyumbani kwao mlimani, Kibosho, Uru, Machame, Old Moshi, Marangu au Rombo, anakokwenda kuzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Ukitangaza tu kwamba "msiba uko kwao", kuna watakaoshuka Njoro, hapa mjini, na kuna watakaopanda gari za Rombo.

Halafu kuna picha. Kijana ana picha ya marehemu ameinama mezani, chupa pembeni, anairusha kwenye status na maneno ya "pumzika komredi". Wakati huo mama yake aliye kijijini hajaambiwa. Wazee wengi huku hawaambiwi habari ya namna hiyo kwa simu. Anasubiriwa mjomba au mzee wa kanisa afike amkalishe chini. Ile picha ikimfikia kupitia mjukuu mwenye simu, mmeshaharibu, na mtakapoingia msibani mtakuwa watu wa pool walioleta taarifa. Picha ibaki kwenye simu mpaka msemaji wa familia aseme tayari, na ikitoka iwe picha ya passport au ya harusi. Ya baa haina nafasi kabisa.

Dawa ya hili la majina ni daftari, na lazima liandaliwe watu wakiwa wazima. Nahodha wa timu aandike jina kamili, jina la mezani, kijiji na kata, dini na mahali anaposali, na namba za ndugu wawili. Ndugu wawili, kwa sababu mmoja atakuwa hapatikani. Ukitangaza kwamba unakusanya taarifa za msiba, watu watakuambia unawatabiria kifo na hawatajaza. Fanya wakati wa kujiandikisha kwenye ligi. Mtu anayelipa kiingilio anajaza chochote unachomwekea mbele yake.

Jambo jingine la kukubali mapema ni kwamba kwa ukoo sisi hatuna cheo. Jumuiya ya kanisa wana cheo chao, kikoba wana chao, ofisi ina chake, na majirani wamewazidi wote. Pool kwa wazee wengi ni baa, na baa ndiko hela ya mtoto wao ilikokuwa inapotelea. Mwaka 2016 Rais Magufuli alikemea vijana wanaocheza pool asubuhi saa za kazi, na ingawa wachezaji wengi ni mafundi, madereva na watu wa ofisini wanaogusa fimbo jioni, ile picha ya mvivu imebaki. Haibadilishwi kwa kubishana msibani. Inabadilika kidogo watu wakiona mnafika mapema, hamjanywa, na hela yenu ina hesabu.

Siku ya kwanza waende wachache, wanne au watano wanatosha, wafike kwenye saa 11 jioni kabla kikao cha mazishi hakijaanza. Wasalimie wazee kwanza, kisha wampe pole mjane au mama wa marehemu, wakae. Mzee wa ukoo lazima atauliza.

"Nyie vijana ni wa wapi?"

"Shikamoo mzee. Sisi ni wenzake marehemu wa mchezo wa pool, tunatoka Majengo. Tumekuja kuhani, na tumekuja kuuliza mtatupangia kazi gani."

Hiyo ya mwisho ndiyo inayosikika. Siku mbili za mwanzo msiba una watu wengi wa kukaa na wachache wa kubeba. Kuna turubai la kufunga, viti vya kukodi vya kushusha na kuhesabu (hesabuni wakati wa kupokea, vikipungua familia ndiyo inalipa), kuni za moto wa nje, maji, mchele wa kufuata sokoni Mbuyuni, jenereta. Kuna mtu wa kupeleka karatasi: kifo cha hospitali karatasi zinaanzia hospitali, cha nyumbani zinaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na usajili wa kifo unatakiwa ufanyike ndani ya siku 30. Kijana wa bodaboda kwenye timu yenu ana thamani kubwa sana wiki hiyo kuliko bingwa wenu. Kazi moja msiivamie bila kuulizwa ni kaburi. Kijijini kaburi lina wenyewe, vijana wa majirani wanajua nani anachimba na kwa utaratibu gani. Mgeni kutoka mjini akinyakua sururu anaweza kumwudhi mtu bila kujua.

Kwenye kikao kaeni msikilize. Mwenyekiti atasoma bajeti: mochwari, jeneza, gari la mwili, mabasi, chakula, turubai na viti, spika, saruji na matofali ya kaburi, msalaba, mashada. Kosa la watu wa pool ni kuahidi hapo hapo. Mtu amekaa kimya tangu aingie, ghafla anasimama: "Sisi wana pool jeneza ni letu!" Anapigiwa makofi. Kesho yake kundi zima limechanga theluthi ya bei ya jeneza na fundi wa jeneza anataka hela yake. Kikao cha kwanza mwambieni katibu kwamba mtaleta kitu kesho kutwa, na msitaje kiasi.

Sasa hela, maana ndiko urafiki wa miaka unakovunjikia. Mweka hazina atumie namba iliyosajiliwa kwa jina lake, ili mtu anapotuma aone jina analolijua. Kila anayetuma aongeze ya kutolea. Mtu akituma 10,000 kavu, ukitoa hupati 10,000, na ukijumlisha watu 30 pengo linaonekana kwenye bahasha, ndipo maneno yanapoanza. Orodha iwe na safu mbili, ahadi na taslimu, na anayeihariri awe mweka hazina peke yake. Kwenye makundi ya WhatsApp tumezoea kila mtu kunakili orodha, kuongeza jina lake chini na kuirusha tena. Wawili wakifanya hivyo dakika moja, mmoja anafutika. Anakuja kujiona hayumo siku ya mazishi, na hakuna atakayemwondoa mawazoni kwamba hela yake imeliwa.

Ahadi haiendi msibani. Inayokwenda ni taslimu, ndani ya bahasha, na karatasi ya majina yenye jumla chini. Anakabidhiwa katibu au mweka hazina wa kamati, mbele ya watu wawili wa kwenu, na mnasubiri aandike kwenye daftari la msiba mkiwa mmesimama hapo. Msimpe mjane mkononi hata kama mna huruma naye kiasi gani; ile hela haitasomwa, na familia itasema watu wa pool walikuja mikono mitupu. Kama mna kitu cha mjane mwenyewe, hicho ni kingine na kina siku yake, baada ya matanga, wageni wakishaondoka na unga ukishaisha.

Bahasha ifike walau siku moja kabla ya mwili kutoka mochwari. Jeneza, gari na malipo ya awali ya mabasi vinalipwa siku hiyo. Hela ya baada ya mazishi inapokelewa vilevile, ila inakwenda kuziba deni la viti. Na mchango wa rambirambi usichanganywe na nauli yenu. Coaster hubeba watu 25 mpaka 30. Gawanyeni bei ya gari kwa watu waliokwisha lipa, wale waliosema "niwekeeni siti" wasihesabiwe. Mkichukua nauli kwenye rambirambi, hata kwa kuazima mpaka kesho, hesabu hiyo haifungi tena.

Madeni yana sura yake. Kwenye kila mazishi msemaji wa familia hutangaza kwamba anayemdai marehemu au anayedaiwa naye aonane na familia. Kwa watu wa mezani tangazo hilo linagusa vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni hela za kuwekeana kwenye mchezo. Hizo zimekufa naye, pande zote mbili, na anayekwenda kwa mjane na deni la "alinipiga 20,000 lakini mwezi ule nilimpiga 50,000" afungiwe fimbo. Cha pili ni bili ya baa. Hiyo ni ya mwenye baa, na akiwa muungwana ataisamehe. Kama ni kubwa na anaitaka, timu iilipe kimyakimya kuliko mhudumu aende msibani na karatasi. Cha tatu ni hela ya marehemu iliyo kwenu: akiba yake kwenye kibubu cha timu, sehemu yake ya zawadi ya mashindano ambayo haijagawanywa, jezi aliyolipia. Hiyo ni mali ya familia mpaka senti ya mwisho. Ipelekeni yenyewe, ikiwa na maelezo yake kwenye karatasi, wala msiichanganye na mchango mkajionesha mmechanga sana.

Ngumu zaidi ni marehemu akiwa yeye ndiye alikuwa mweka hazina. Kiingilio cha ligi kiko kwenye laini yake. Wapo wanaomwendea mtoto wa marehemu na kumwambia afungue simu, namba ya siri wanaijua, watoe cha timu tu. Msifanye. Hela iliyo kwenye laini ya marehemu ni sehemu ya mirathi. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari wa nani asimamie, unakwenda Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, na msimamizi akishateuliwa ndiye anayekwenda kwa kampuni ya simu. Hapo ndipo mnapompelekea hesabu yenu ya maandishi. Inaweza kuchukua miezi. Ligi isogezwe mbele au watu wachangie upya, na safari ijayo hela ya timu ikae mahali panapohitaji watu wawili kuitoa. Mkimpitia mtoto, hata kama kiasi ni halali kabisa, siku shangazi akiuliza salio lilikwenda wapi, mwizi ni nyie.

Kama kifo kilikuwa cha ajali ya kurudi baa, mtu aliyekuwa naye mwisho asijifiche. Polisi watataka kujua, na familia nayo itataka kujua: waliachana saa ngapi, wapi, alipanda pikipiki ya nani. Aende na mwenzake mmoja, aeleze alichokiona, asiongeze. Kujificha kunawafanya ndugu waunde hadithi yao wenyewe, na hadithi hiyo ina pool table katikati.

Fimbo. Mchezaji wa siku nyingi huwa na fimbo yake, ile ya vipande viwili inayofunguka katikati, na mara nyingi hakai nayo nyumbani. Iko baa, nyuma ya kaunta au juu ya kabati la vinywaji. Jioni ya siku ya kwanza mtu aende akaichukue. Ikichelewa siku tatu, utaikuta mkononi mwa mtu anayesema marehemu alimwachia. Ifunguliwe, ifutwe kwa kitambaa kikavu mafuta ya mikono na vumbi la chaki, irudishwe kwenye mfuko wake, ilazwe chali. Usiisimamishe ukutani wiki nzima na usiiache kwenye gari juani, mbao itapinda. Familia ikiuliza ina thamani gani, semeni ukweli. Tazameni kipande cha mbele kwa jicho moja, kama mtu anavyokagua ubao, mkikizungusha taratibu. Kuibiringisha mezani hakutoshi kwa sababu meza nyingi za baa zenyewe hazijalala sawa. Angalieni kama maungio yanakaza bila kucheza, kama pete ya shaba ya mbele haijalegea, na kama ngozi ya nchani bado ipo au imebaki nyembamba. Ngozi ni kitu cha bei ndogo, inabadilishwa. Kipande kilichopinda hakina dawa ya maana.

Fimbo ni ya familia. Mtoto akiitaka, apewe, na mmoja wenu ajitolee kumwonyesha namna ya kuitunza. Wakiamua kuiuza, timu ina haki ya kuuliza kwanza kama mnunuzi mwingine yeyote, kwa bei ya haki. Kuna watu wanataka izikwe naye, au ivunjwe juu ya jeneza kama kwenye sinema. Hilo ni la familia na kanisa kuamua, na viongozi wengi wa dini hawalipendi. Kinachokubalika kirahisi ni kuiweka karibu na picha yake pale nyumbani watu wanapoaga, ikiwa ndani ya mfuko, baada ya kuomba ruhusa. Kipande kimoja cha chaki ya bluu juu ya kitambaa cheupe pembeni ya picha kinatosha kabisa, na hakuna mzee aliyewahi kukichukia.

Siku ya mazishi huanzia mochwari, kwenye saa 3 asubuhi, na hapo hawatakiwi watu 40; wanatosha wa kubeba. Wengine wakutane na gari yao mahali pamoja na wafike kijijini kabla ya mwili. Ulizeni njia siku moja kabla. Masika, kati ya Machi na Mei, njia za kuingia vihambani zinateleza vibaya, Coaster inaishia barabarani au kanisani na mnapanda kwa miguu. Gari la mwili liwe la kutumia magurudumu yote manne. Mwezi wa sita na wa saba njia ni kavu lakini baridi ya huko juu si ya Moshi mjini, na wanaokwenda kulala mkesha wachukue makoti mazito. Viatu vyeupe viacheni.

Kuhusu mavazi, jezi za timu zetu nyingi zina nembo ya bia, kwa sababu wadhamini wa mchezo huu kwa miaka mingi walikuwa watu wa bia. Wanaokumbuka mashindano ya Safari Pool wanajua jezi zilitoka wapi. Kwenye ibada ya KKKT au Katoliki kijijini, watu 25 wenye nembo ya bia kifuani wanakuwa ndiyo habari ya siku. Vaeni rangi nyeusi au nyeupe ya kawaida, na kama mnataka kujulikana, utepe mdogo wa rangi ya timu unatosha. Bia isiingie kwenye gari wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi siwezi kuwachunga, ila dereva asiguse.

Shada liwe moja. Agizeni siku moja kabla na mkabidhi maneno ya utepe yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, herufi kubwa, kwa sababu kwa simu "Mushi" inarudi "Moshi" na hakuna muda wa kurudia. Mshereheshaji huita kwa mpangilio: familia, ukoo, majirani, jumuiya, kazini, kisha vikundi. Msubiri zamu yenu. Watoke wawili kwenda kuweka, ikiwezekana mmoja awe yule aliyekuwa pacha wake kwenye mechi za wawili wawili.

Salamu za rambirambi mkipewa ni dakika mbili au tatu, na mara nyingi mnaambiwa mfupishe mkiwa mmeshashika maiki. Ziandikwe, nusu ukurasa, zisomwe na mtu anayesoma vizuri. Msemaji mzuri wa baa si lazima awe msemaji mzuri wa msibani. Akianza kuchekesha, hajui pa kusimama. Viwemo vitu ambavyo familia haivijui na itavipenda: alianza mwaka gani, alichezea timu zipi, aliwafundisha kina nani, alikuwaje mezani. Pool haina mwamuzi kwenye baa nyingi, kwa hiyo tabia ya mtu inajulikana anapofanya faulo ambayo hakuna aliyeiona: mkono wa shati umegusa mpira, au fimbo imegusa mpira mweupe mara mbili. Kama marehemu alikuwa mtu wa kusema mwenyewe "nimegusa" na kumwachia mwenzake zamu ya kupiga, semeni hilo, na mweleze kwa sentensi moja maana yake, kwa sababu mama yake hajawahi kuona mchezo huu. Hilo litamfikia kuliko orodha ya vikombe. Wanawake, ulevi, hela alizoshinda, na utani ambao unahitaji mtu awe alikuwepo, viacheni vyote.

Chakula mara nyingi hutangulia ibada, kwenye saa 6 au 7, wali na nyama, machalari, na baadaye mbege kwa wazee. Wageni wa mbali wanaitwa kwanza na nyie mnaweza kuitwa. Lakini kundi la vijana 25 likitangulia kwenye sufuria kabla ya wazee wa kijiji, hilo halisahauliki. Watumeni wawili wasaidie kupakua na wengine wasubiri.

Marehemu akiwa Mwislamu, karibu yote hapo juu yanabadilika, kuanzia muda. Kuzika ni siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa hiyo mchango unatakiwa kwa saa, na watu wa kwanza kupigiwa ni wale wenye hela mkononi. Mahitaji ni sanda, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, vifaa vya kuoshea, mbao za kaburi, usafiri na chakula cha waombolezaji. Mashada hayapo, na hotuba ndefu za makaburini hazipo. Wanaume wasiokuwa Waislamu hufuatana na jeneza na kusimama pembeni wakati wa swala, wanawake hubaki nyumbani. Kunywa pombe siku hiyo halafu ukaenda kuhani ni utovu wa adabu mtupu. Hitima ikitangazwa, pelekeni mchele na sukari, na mhudhurie.

Kwenye baa nako kuna la kufanya. Meza nyingi si za mwenye baa. Kuna mwenye meza, anakuja kufungua kisanduku cha sarafu na wanagawana. Mkitaka meza ifungwe kwa heshima ya marehemu, waombeni wote wawili. Kuifunga tangu saa 6 mchana wa mazishi mpaka watu warudi ni ombi ambalo hakuna anayelikataa. Kuifunga siku tatu ni kumnyima mtu kipato chake, na akikubali kwa aibu ataanza kuifungua kwa siri saa 3 usiku. Baa ikiwa karibu na msiba wa mjini, ombi kubwa zaidi ni muziki upunguzwe jioni za matanga.

Bonanza la kumbukumbu lisubiri. Wapo wanaotaka kulifanya wiki hiyo hiyo wakati watu bado wana uchungu na hela. Familia inasikia kelele za meza ikiwa bado imekaa chini. Mwambieni msemaji wa familia, mpate ridhaa, mpange baada ya arobaini. Kisha pigeni hesabu ya muda, maana ndiyo inayoangusha bonanza nyingi. Mtoano wa watu 32 una mechi 31. Mkicheza mshindi wa michezo miwili kati ya mitatu, kila mechi ikala nusu saa, hiyo ni saa 15 na nusu kwenye meza moja. Mkianza saa 4 asubuhi, fainali ni saa 7 usiku na mjane mliyemwalika alishaondoka kabla ya robo fainali. Watu 16 ni mechi 15, saa 7 na nusu kwa meza moja, hao wanawezekana. Mkitaka 32, tafuteni meza mbili zinazofanana, na wachezaji wapange zamu kwa kura mbele ya wote.

Elewaneni na mwenye meza alipwe kiasi kimoja kwa siku nzima na aache kisanduku wazi. Mkitumia sarafu, za 200 au za 500 kulingana na meza, mtatumia mchana kutafuta chenji, na kila sarafu ikikwama mechi inasimama. Kiingilio kigawanywe kabla ya siku: sehemu ya familia kwanza, ya meza, halafu zawadi. Bahasha ya familia itolewe kabla ya nusu fainali, wakati watu bado wapo na bado wanasikia. Na msitangaze pale kaburini kwamba litakuwa la kila mwaka. La kwanza huja lenyewe. La pili linahitaji mdhamini, meza na mtu mwenye muda wa kupiga simu 40, na familia ikishaahidiwa itakaa inasubiri tarehe. Fanyeni la kwanza, fungeni hesabu, msomee watu, kisha mwakani aliye tayari kulisimamia ajitokeze na daftari lake.